Nimesaini Kupokea

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza kuandika maisha yangu. Nimechelewa, lakini wakubwa wote huchelewa.

Naandika nyuma ya daftari la kupelekea barua, lile ambalo kila anayepelekewa kitu hutia sahihi kwamba kimefika. Kurasa nyingi zimebaki wazi. Siku hizi barua zinapita hewani. Majalada, hapana. Majalada ya ofisi ya utafiti bado yanatembea, na miguu inayoyatembeza ndiyo hii. Miaka ishirini na tisa! Tarishi ni mimi, hakuna mwingine. Wananiita Mzee Wino kwa sababu ya kalamu yangu ya kijani. Katika jengo zima hakuna mwenye kijani ila mimi. Kusoma nilifundishwa ukubwani, mwezi mmoja na nusu, kisha mwalimu akaacha kuja. Aliona nimemaliza.

Kuna tangazo ukutani. Nimelisoma lote mwenyewe, kuanzia chai ya asubuhi hadi karibu na saa sita. Nafasi moja ya mafunzo, wiki sita, juu ya uendeshaji wa utafiti. Atakayerudi na cheti atakuwa ofisa msaidizi. Yeyote wa ofisini anaruhusiwa. Aandike kurasa mbili: kazi yake inausaidiaje utafiti, na ana mpango gani wa kukua kikazi.

Ofisa ana meza. Meza ina droo. Droo ina ufunguo.

Mimi nakaa kwenye benchi la korido, chini ya ngazi. Miwani yangu naiweka mfuko wa nyuma. Nimeikalia mara nne. Mama watoto huuliza ni mtu mzima wa namna gani huyu, karibu miaka thelathini kazini na hana hata pa kuweka miwani. Namwambia anyamaze. Lakini jioni hii nimefumba macho, nikaiona ile droo ikifunguka polepole, yenyewe, bila kelele. Ndani kulikuwa na mwanga kama wa alfajiri. Na miwani yangu imelala katikati, mizima.

Nimebakiza mwaka mmoja na miezi mitatu kustaafu. Nafasi hii ni yangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Njama ya kwanza. Nimetembea siku nzima na jalada tupu kwapani, uso umekunjwa, kama ofisa. Watu watatu wamenisimamisha kuuliza kama ninaumwa.

Njama ya pili. Kumchunguza adui. Adui ni Bi Mihuri. Ndiye anayetunza mihuri ya ofisi, na huigonga karatasi sawasawa kama aliyepima kwa rula. Ana meza. Ana droo tatu! Mtu mwenye droo tatu anataka nini tena duniani? Lakini nimemwona mbele ya tangazo, amesimama, kidole kwenye kidevu.

Nikamwuliza kwa ujanja, kama mtu anayejiulizia tu, kukua kikazi ni nini. Akasema ni kueleza unajiona wapi miaka mitano ijayo. Nikamjibu kwamba miaka mitano ijayo najiona kitandani, mama watoto ananilalamikia. Akacheka mpaka muhuri ukaenda upande. Mara ya kwanza naona hivyo. Kisha akaniuliza, mzee wangu, kwani na wewe unaomba? Nikamwambia mimi? Niombe nini? Mambo ya vijana hayo.

Nimemfunga. Hajui kitu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeomba ruhusa nusu siku, eti goti. Nimekaa nyumbani kuandika maombi. Kufika saa sita nilikuwa na mistari mitatu, mizuri sana, ya kijani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, akapita nyuma yangu akasoma. Akaniuliza, kwa adabu, kama ningependa kusema tu, yeye apige kwenye mashine. Nikamwambia nitamruhusu.

Basi nikasema. Nimeegemea ukuta, macho nimefumba, na ile korido ikaja yenyewe, na mavumbi yake yanayoelea kwenye jua la dirishani. Nikasema ni mtafiti gani husaini kabla ya chai na yupi baada. Nikasema jalada likilazwa kifudifudi chini ya jingine linasahaulika, ndiyo maana mimi huyatoa sikio moja nje, yaonekane. Nikasema habari ya ule utafiti wa watoto wadogo. Nililipokea jalada mlangoni, nikapiga hatua nne, nikasimama. Lilikuwa jepesi. Karatasi moja tu, lakini mkono wangu ulijua. Nikalirudisha. Wakatafuta, wakakuta ukurasa umeachwa kwenye mashine ya kunakili: ule unaomwambia mzazi kwamba anaweza kumtoa mtoto wake kwenye utafiti wakati wowote, na hataulizwa.

Mkwe akaacha kupiga. Akaniuliza, baba, hii ni kweli? Nikamwambia aniletee jalada lolote, nitamtajia kurasa.

Mwisho nikasema ninajiona nyuma ya meza yenye droo. Akaandika hivyohivyo.

Akanionya jambo moja. Tangazo linasema waamuzi hawatajua nani kaandika nini. Karatasi yoyote itakayomtambulisha mwenyewe itaondolewa. Jina liwe juu tu, mahali pa kufunikwa. Hakuna sahihi. Hakuna alama. Akaitazama kalamu yangu akasema tena, hakuna alama, baba.

Nikamwambia ananifundisha kazi yangu mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepeleka. Mama Mratibu, mkuu wa ofisi yetu, akasoma jina, akaniangalia, akatabasamu kidogo. Kisha akanipa karatasi zote saba za waombaji nikazifunike majina.

Hapa lazima nieleze, maana watakuja watu wasiojua. Mtafiti akiomba ruhusa ya kufanya utafiti wake, maombi yanakwenda kwa wasomaji. Jina lake lazima lifichwe, msomaji asije akambeba rafiki au akamkomoa adui. Anayeficha ni mimi. Miaka kumi na moja. Nakata kipande cha karatasi nzito, napaka gundi pembeni tu, nafunika jina, naandika namba. Hakuna jina la profesa lililowahi kuvuja mkononi mwangu. Wamejaribu kuinua hadi juani, hawakuona kitu!

Nimefunika sita. Ya Bi Mihuri nimeipa vipande viwili, aive vizuri humo ndani. Ikabaki yangu. Nimelitazama jina langu muda mrefu. Limepigwa kwa mashine, limenyooka, limependeza. Nikashusha kipande juu yake polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nikaandika namba nne.

Kisha nikakaa kwenye benchi na nikawa simo. Watu wakapita. Ilikuwa kana kwamba benchi liko peke yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Waamuzi watakaa keshokutwa. Sina njama, napumzisha akili.

Bi Mihuri amenishika koridoni. Akasema anajua niliomba, maana siku ile ya goti nilikuwa nachechemea mguu tofauti na nilioutaja. Akasema amefurahi. Eti kama si yeye, angependa niwe mimi.

Mtego huo. Nimeitikia kwa kichwa nikaondoka nikichechemea miguu yote miwili.

Mchana nimesinzia kidogo. Majalada yote ya maisha yangu yalikuwa yanaruka koridoni kama njiwa, yanapita juu ya ngazi, na kila moja likinifikia linainamisha sikio moja. Nilikuwa nayajua yote kwa uzito.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Siku kubwa! Niandike kwa utaratibu.

Waamuzi wawili: Profesa mwenye miwani minene na mgeni kutoka idara nyingine. Mama Mratibu, kwa kuwa aliyaona majina, anasimamia tu, hatoi alama. Wamekaa chumba cha mikutano. Mimi nahudumia chai. Hakuna aliyefikiri kwamba anayeleta chai ana masikio.

Nimeingia na birika. Profesa alikuwa anasoma kwa sauti. "Lilikuwa jepesi. Karatasi moja tu, lakini mkono wangu ulijua." Mgeni akavua miwani akaipangusa. Nikamimina chai mpaka ikafurika sahanini.

Profesa akasema amesoma vitabu vizima juu ya kuwalinda wanaofanyiwa utafiti, na havikumgusa kama mstari huu. Akaandika kwa penseli juu ya namba nne: tisa juu ya kumi. Niliona kwa macho yangu! Inayofuata ilikuwa namba mbili, na ilikuwa na saba.

Ningetoka wakati ule, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini sahani ilikuwa inadondosha chai, nikabaki nafuta meza. Profesa akajinyoosha kwenye kiti, akasema:

"Hii ni ya Bi Mihuri. Nani mwingine humu ndani anaweza kuandika hivi?"

Mama Mratibu akasema waache kukisia, sheria ni sheria. Lakini mgeni akaitikia kwa kichwa. Akasema kweli, ni mwanamke makini sana. Kisha wakatoka barazani kunywa chai yao hewani. Wakirudi watatia saini matokeo, basi.

Nikabaki peke yangu na zile karatasi. Namba nne ilikuwa juu. Jua la dirishani lilikuwa limeikalia.

Bi Mihuri! Mkono wake? Mkono wake unajua muhuri tu! Nililibeba jalada lile mimi, nikasimama hatua ya nne mimi, na sasa mwanamke mwenye droo tatu anasifiwa mezani kwa mkono wangu. Na nikafikiri kama mtu wa ofisi anavyofikiri. Miaka ishirini na tisa, kitu kikifika kwa mwenyewe, mwenyewe hutia sahihi. Bila sahihi, hakijafika. Sifa hizi zimefika. Ziko hapa mezani, tisa juu ya kumi, zinamngoja mtu wa kuzipokea.

Nikatoa kalamu ya kijani. Nikasaini ukurasa wa kwanza. Nikasaini wa pili. Nikapiga mistari miwili chini yake, kama ninavyofanya siku zote. Na pembeni nikaandika: Imepokelewa.

Kisha nikakusanya vikombe.

Ajabu, nilitoka nikiwa mwepesi. Korido yote ilinukia wino.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mama Mratibu ameniita. Namba nne ilikuwa mbele yake. Ameitazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonisumbua.

"Mzee wangu," akasema, "ulikuwa umeshinda."

Nikamwambia najua. Ndiyo maana nikasaini.

Akafunika uso kwa mikono. Akaeleza kwamba karatasi imeondolewa, hana namna, hata Profesa amejaribu kutafuta njia, na sheria hiyo ni ileile ninayoilinda mimi mwenyewe kwa gundi miaka kumi na moja. Nafasi imekwenda kwa namba mbili. Namba mbili ni Bi Mihuri.

Nikamwuliza, Profesa sasa anajua ni ya nani? Akasema anajua. Jengo zima linajua. Profesa ameisoma mara mbili kantini, na amemwomba yeye nakala.

Basi, nikasema. Kumbe imefika.

Akasema nafasi nyingine itatoka mwakani, na nitakuwa bado sijastaafu. Akaniomba niombe tena. Akaniomba, kwa kunisihi, mkono wake juu ya mkono wangu, siku hiyo nije kazini bila kalamu ya kijani. Niiache nyumbani. Nimemwahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi.

Nyumbani mama watoto amesikiliza hadithi yote bila kuniingilia. Kisha akauliza nimeiweka wapi miwani. Nilikuwa nimeikalia.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bi Mihuri ameondoka leo kwenda mafunzoni. Asubuhi alikuja kwenye benchi langu na mkoba begani. Akakaa. Hajawahi kukaa pale. Akasema ameisoma namba nne, na njia nzima atakuwa anawaza atawaambiaje wakimwuliza kazi inafanywaje, kwa sababu anayejua amebaki chini ya ngazi.

Nilitaka kumjibu vikali. Badala yake nikampangusia mkoba vumbi.

Akafungua kiganja. Ufunguo mdogo, wa shaba. Akasema mtu lazima aitunze mihuri kwa wiki sita, na Mama Mratibu amekubali. Mihuri iko droo mbili za juu. Ya chini ameitoa vitu vyote. Ni tupu.

"Ni yako, mzee wangu. Weka miwani."

Sasa hivi naandika nikiwa mezani. Dirisha liko wazi. Mavumbi yanaelea kwenye jua, na mimi nimo katikati yake. Nimeifungua droo ya chini polepole. Hailii. Nimeifunga. Nimeifungua tena. Imefika saa nne na bado sijapeleka jalada hata moja, nao wanaonitafuta wanatafuta kwenye benchi.

Miwani imo. Mizima. Na kando yake nimepanga silaha za mwakani, maana huwa natimiza ahadi. Kalamu ya kijani nimeiacha nyumbani.

Nimenunua ya zambarau.