Njiwa Ndani ya Spika ya Mama Mkwe

Redio moja tu ndiyo iliyokuwa nzima kibandani kwa Fundi Kesho, na ndiyo iliyoleta balaa asubuhi ile. Ilitangaza kwamba kuna msomi aliyeishi miaka na watu wa msituni, karudi anasema binadamu na maumbile si vitu viwili. Wale watu huwaita wanyama mashemeji.

"Mnasikia?" Utafiti akadakia kutoka kwenye benchi la kibarazani, akikunja gazeti la wiki iliyopita. Utafiti wenyewe hakuna aliyewahi kuuona, ila jina lilishamganda. "Ukuta tumejenga sisi. Huku jamii, kule maumbile. Wenzetu wanajua jirani ni jirani tu, awe na mkia asiwe nao."

Kinyozi wa mlango wa pili akasimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja. "Kwa hiyo panya anayekula sabuni yangu ni shemeji?"

"Shemeji kabisa."

"Basi dada yake aje amchukue. Mimi nimeshindwa kumlea."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Fundi Kesho. Macho yake yalikuwa kwenye spika kubwa pale kibarazani, wazi kwa nyuma. Aliifungua mwenyewe, akasema ataimalizia kesho, na kesho zilivyoongozana njiwa akaingia, akapanga vijiti, akataga mayai mawili. Mwenye spika anakuja kuichukua leo, naye ndiye mama wa binti ambaye Fundi anataka kumwoa. Alishamtumia salamu: akiambiwa kesho mara nyingine, na habari za binti azisahau.

"Mtoe huyo," Kinyozi akashauri. "Maumbile yana miti tele, yaende huko."

"Umfukuze mzazi kitandani?" Utafiti akaruka. "Huyo ni mpangaji!"

"Mpangaji gani halipi kodi?"

"Na wewe ukimaliza wateja unakaa benchi la nani? Unalipa?"

Fundi akajipa moyo, akaingiza mkono. Njiwa akatuna, akamdonoa kidole.

"Aaah! Kaning'ata!"

"Umeingia chumbani kwa watu bila hodi," Kinyozi akasema. "Hapo ndipo nimeamini ni shemeji."

Kabla kidole hakijapoa, kanga ikakata kona. Mama mkwe huyo.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia kama darasa.

"Marahaba. Spika yangu?"

"Ke..." Fundi akalimeza neno, akasogea pembeni.

Mama akainama, akachungulia. Njiwa naye akamkodolea. Wakatazamana kama wazazi wawili waliokutana kliniki.

"Mama, kitaalamu," Utafiti akakohoa, "jamii na maumbile..."

"Punguza sauti, mwanangu, utamshtua." Akamgeukia Fundi. "Ana muda gani humu?"

"Wiki hii tu, mama."

"Wiki hii tu, ana nyumba na watoto njiani! Wewe unamwambia binti yangu 'najipanga' tangu spika hii ikiwa mpya."

Kinyozi akajificha nyuma ya kichwa cha mteja wake, mabega yanamcheza.

"Sasa sikiliza," mama akasema. "Huyu msimguse. Siku makinda yake yakiruka, nataka spika inaimba, na wazee wako wamekaa sebuleni kwangu. Vinginevyo spika nampa fundi mwingine. Na binti vilevile."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

"Hongera," Utafiti akasema taratibu. "Mshenga umepata. Ana mabawa."

Fundi akageukia kibanda. Aliingia ndani, akatoka na kifuniko cha chupa chenye maji na punje za mchele, akaviweka kwa adabu mlangoni pa spika.

"We bwana, mayai hayajaanguliwa," Kinyozi akamkumbusha. "Unamlisha nani?"

"Mama yao," Fundi akasema, akifuta jasho. "Asije naye akaniambia kesho."