Vipimo Vitatu na Bahari Iliyofeli

Kwa Shemeji Mpendwa,
Mwenye Duka la Samaki wa Mapambo.

YAH: UONGO WA VIPIMO VYAKO VYA MAJI

Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi hatujambo, isipokuwa tumbawe. Limekunja vidole vyake vyote na halitaki kuonana na mtu. Dada yako, yaani mke wangu, ametangaza kwamba likifa, tangi la maji ya chumvi linatoka sebuleni, na meza ya kulia niliyoiondoa ili tangi lipate nafasi inarudi mahali pake. Amechoka kula sahani ikiwa mapajani kama abiria. Kwa hiyo naandika kwa haraka, ila adabu ya ushemeji nitaitunza kadiri utakavyoniruhusu.

Kazi yangu unaijua. Mimi ni mtahini wa madereva. Tangu nianze sijapokea kisingizio cha mtu: breki mbovu, viatu vipya, jua la machoni, vyote nimevisikia na vyote nimevifelisha. Usije ukaniambia sijui kupima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliniuzia kipimo cha kwanza, kile cha matone, ukaapa kwamba hata mtoto anakiweza. Unatia maji ya tangi kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Nimefanya hivyo kwa unyenyekevu wote, pazia nimefunga nisibughudhiwe, nimeinama chini ya ile taa ya bluu ya matumbawe, ambayo nayo imetoka dukani kwako. Kikasema maji ni machafu kupindukia. Nikabadilisha maji. Kikasema vilevile. Nikabadilisha tena. Shemeji, nimebeba ndoo mpaka jirani wa chini akaniuliza kama tunafuga kiboko.

2. Nilipokuja kulalamika, badala ya kuona haya ukanichagulia kipimo cha pili, cha unga, ndani ya sanduku zuri kuliko la viatu vyangu vya harusi. Hiki kikasema maji ni safi. Basi sasa nina mashahidi wawili: mmoja anasema marehemu kazikwa, mwingine anasema kamwona sokoni.

3. Ukanipa vijikaratasi vya kuchovya, eti viamue ugomvi. Rangi vinayotoa haimo kwenye kadi kabisa. Nimeitafuta juu hadi chini, nikageuza kadi, nikakuta anwani ya kiwanda. Mtahiniwa anayejibu swali asiloulizwa mimi humwambia ashuke garini.

4. Hapo uvumilivu ukanitoka. Niliendesha gari mpaka pwani, nikachota bahari yenyewe kwenye dumu, nikarudi nayo, nikaipima palepale chini ya taa, kwa kipimo cha kwanza. Bahari imefeli. Ama vipimo vyako ni vya uongo, ama bahari haifai samaki na papa wote wanaishi kwa ukaidi tu.

5. Ili nisionekane mwonevu, nikapima pia maji ya kunywa, maji ya mvua na chai ya dada yako. Vyote vimefeli, ingawa chai hiyo ningeifelisha hata bila kipimo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uchague kimoja kati ya hivyo vitatu na ukiapie mbele ya ukoo. Viwili vilivyobaki uvizike. Kibao cha duka kinachosema “Mtaalamu” ukishushe. Na kama unashikilia kwamba vyote ni sahihi, basi uwaandikie wanaohusika na bahari waje kuibadilishia maji. Ndoo nitawaazima.

Msalimie mama mkwe, mkeo, watoto wote, na yule kasuku wa dukani, ambaye ndiye peke yake hapo anayeweza kusema jambo lilelile mara mbili.

Ni mimi, shemeji yako nisiye na la kufanya,
Mtahini.

Tanbihi: Barua hii niliiacha juu ya tangi nikaenda kutafuta bahasha. Dada yako kaisoma, na namba tano kaisoma mara mbili. Alipima upya kwa vyote vitatu, akavipeleka jikoni, dirishani, penye mwanga wa mchana. Lo! Vyote vimesema neno moja: maji ni safi, tena yalikuwa safi tangu zamani, na kinacholiuguza tumbawe ni ndoo zangu. Anasema chini ya taa ya bluu hata bibi harusi angeonekana maiti. Nimekaa kitako nikiwafikiria wale wote walioniambia habari za jua la machoni.

Bahari naiomba radhi. Kibao chako kiache kilipo. Meza imerudi, iko chini ya dirisha, na tangi limebaki, kwa hiyo mlango wa sebuleni sasa unafunguka nusu. Mpimaji ni dada yako. Mimi nashika kadi, na nikitaja rangi naambiwa ninyamaze. Leo asubuhi tumbawe limekunjua kidole kimoja, na chai nimeinywa yote.