Kurasa Sabini na Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mwanangu Kudra amekilaza kipanya cha kompyuta sasa hivi. Amekifunika kitambaa, amekipigapiga mgongoni, amekiimbia, kisha ameniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Ana miaka miwili na tayari anajua kulea kuliko mimi. Sikumnyang'anya. Nimekaa na daftari langu, nasubiri kipanya kiamke.

Mambo ni haya. Kiwanda cha nguo kule Kwala kinachukua wanawake ishirini kuwafundisha cherehani za umeme. Miezi mitatu mafunzo, halafu kazi. Sifa: kujua kusoma na kuandika. Yaani mimi kabisa! Kidato cha pili nilichokiacha njiani kinatosha na chenji inabaki. Nimefuma vitambaa vya makochi ya watu hapa Kibaha mpaka vidole vimepinda. Sasa nataka cherehani inayonguruma. Maombi ni ya mtandaoni, mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Fomu ina sehemu nne. Kila nikifika ya tatu, ya kuweka picha, dirisha la intaneti linajifunga lenyewe. Pu! Mume wangu Yahya analiita kivinjari. Mimi leo nimeliita majina mengine. Nikilifungua tena, linauliza kwa adabu kama lirejeshe kurasa zangu. Nabonyeza rejesha. Zinarudi zote, kasoro majibu yangu ya fomu. Hayo hayarudi.

Mara tano leo! Na bando la siku limekata saa nne asubuhi.

Nimempigia Yahya. Yuko Kisarawe anatengeneza pampu za maji, atarudi mwisho wa wiki ijayo. Akauliza nimefungua kurasa ngapi kwa mpigo. Nikasema chache tu. Baadaye nikazihesabu. Sabini na tatu. Lakini zote nimezinunua kwa bando! Gauni la mtoto lenye marinda. Keki ya jiko la mkaa. Dawa ya mba. Nyumba ya ndoto yangu, ghorofa moja, paa jekundu. Nizifunge kwa nini? Mtu akinunua sahani, akimaliza kula haitupi.

Jumanne, 15 Julai

Tatizo nimelijua. Joto! Kompyuta yetu nimeivalisha kitambaa cha kufuma, juu, ubavuni na nyuma, maua ya zambarau, sare moja na runinga na redio. Leo nikaivua. Dirisha likajifunga vilevile. Nikairudishia nguo yake. Wageni wakija waikute uchi?

Mchana nikalijua tatizo la kweli. Mama Juliana! Tunapakana ukuta. Jina lake Stellamaris, simu yake kubwa kama kibao cha chapati. Kutwa anacheka peke yake sebuleni. Anacheka na nini kama si na bando langu? Ananyonya intaneti yangu ukutani, ndiyo maana dirisha linazimia kwa njaa.

Kwenda kujaza fomu steshenari siwezi. Ni ya Tereza, mdogo wake Mama Juliana. Akijua mmoja wamejua wote, na Mama Juliana naye ana cherehani ndani. Nafasi ni ishirini tu. Hapana. Nitapambana humuhumu.

Jioni dirisha likasimama dakika kumi bila kuanguka. Dakika kumi nzima! Ningeweza kujaza fomu. Nikazitumia kubadili neno la siri la kile kiboksi chetu cha kurusha intaneti, pamoja na jina lake. Mtu yeyote mtaani akitafuta intaneti kwenye simu yake sasa ataliona: MAMA JULIANA NAKUONA.

Leo nitalala vizuri sana.

Jumatano, 16 Julai

Mama Juliana amekuja saa mbili asubuhi, simu mkononi. Akauliza, Mama Kudra, unaniona nafanya nini? Nikasema labda ni Mama Juliana mwingine. Akauliza mtaani tuko wangapi. Nikasema Kibaha ni kubwa.

Akacheka! Afadhali angenitukana. Akaniambia ana bando lake la mwezi, na anayemchekesha ni mama yake wa Moshi, wanaongea kwa video, bibi anashika simu vibaya na kuonyesha pua tu. Halafu akasema neno la kunimaliza. Fomu ya Kwala aliituma tangu Jumapili, kwa simu, akisubiri maharage yaive. Na alikuwa anapanga kuja kuniambia na mimi nijaze, maana hajaona mtu anayefuma kama mimi.

Aibu! Nikamkaribisha chai. Akakataa. Kisha akanywa vikombe viwili.

Akasema nijaze kwenye simu yake, robo saa tu. Nikamwambia ahsante shoga yangu, kompyuta yetu ni nzima kabisa, haina hata chembe ya tatizo. Nyuma yangu: pu! Akasema haya, karibu kwangu ukiamua. Nikasema sawa.

Jina la intaneti nitalibadili dirisha likipata nguvu.

Alhamisi, 17 Julai

Mama amepiga simu kutoka Maneromango. Shikamoo, marahaba, kisha akaniambia ameshawatangazia majirani kwamba nimepata kazi kiwandani. Nikasema mama, sijatuma hata fomu. Akasema basi fanya haraka, maana wameanza kuja kunipongeza.

Nikabeba kompyuta kwenda kwa fundi Dotto, Mlandizi. Kudra mgongoni kwa kanga moja, kompyuta mapajani kwa kanga nyingine. Bodaboda wa stendi akauliza aende polepole kwa ajili ya yupi.

Fundi Dotto akawasha. Akatazama. Akauliza kama hizi kurasa nauza jumla au rejareja. Kisha akanieleza taratibu, ni mtu mstaarabu. Kompyuta hii ni ya zamani, kumbukumbu yake ndogo. Kila ukurasa uliofunguliwa ni mgeni amekaa ndani. Nimekusanya wageni sabini na watatu chumba kimoja, halafu nawaletea picha kubwa, lazima ukuta uanguke. Tena kila nikibonyeza rejesha, wageni wote wanakula upya. Ndiyo maana bando halifiki mchana! Eti nimenunua gauni la marinda mara mia.

Akataka kuzifunga palepale. Umeme ukakatika. Tukasubiri saa mbili. Wapi! Akaniagiza: dirisha likiuliza tena, kataa, halafu fungua fomu peke yake. Nikasema ndiyo fundi. Moyoni nikasema, Dotto, wewe huna mtoto wa kike, marinda utayajulia wapi?

Jioni nimeandika majina ya kurasa zote sabini na tatu humu nyuma ya daftari. Iwapo lolote litatokea.

Ijumaa, 18 Julai

Saa tisa na robo mchana. Dirisha limejifunga. Linauliza lirejeshe?

Fundi alisema kataa. Nikapeleka mshale kwenye kukataa. Nikaurudisha. Nikaupeleka tena. Ghorofa yangu ya paa jekundu! Nikaamua nirejeshe mara ya mwisho, kwa kuagana tu, halafu nitazifunga mojamoja kwa heshima.

Kabla sijabonyeza, Kudra akaja kumchukua mtoto wake. Yaani kipanya. Akakivuta na waya wake, akakipakata, akakipigapiga mgongoni. Ka! Ka!

Mshale ulikuwa bado kwenye kukataa. Swali likatoweka. Kurasa zikatoweka. Kioo cheupe kama kanzu ya Idi.

Nililia. Kudra akaona nalia, akadhani mtoto wake ameumia, akalia pia. Tukalia wote na kipanya katikati.

Saa ikasoma tisa na nusu. Nikafuta machozi, nikamwomba Kudra aniazime mtoto, nikafungua fomu. Sehemu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, picha, nikafumba macho. Kimya. Nikafumbua. Sura yangu ipo pale, nimetoa macho, lakini ipo! Ya nne. Tuma.

Saa kumi kasoro dakika sita: maombi yako yamepokelewa!

Nikapiga vigelegele. Upande wa pili wa ukuta Mama Juliana akaitikia vigelegele, hajui hata sababu. Nikasimama nikicheka peke yangu sebuleni.

Jumamosi, 26 Julai

Nimechaguliwa! Ujumbe uliingia jana. Mama Juliana naye amechaguliwa. Tutaanza Jumatatu ya wiki ijayo, tutaongozana asubuhi, na Tereza atakaa na Kudra pale steshenari. Jina la intaneti nimeshalibadili. Sasa ni MAMA JULIANA NISAMEHE. Amesema la zamani lilikuwa linachekesha zaidi.

Mama naye nimempigia. Akauliza kwani ni habari mpya?

Yahya amefika leo na mihogo ya Kisarawe. Ameuliza kompyuta ilikuwa na shida gani. Nikamweleza kitaalamu. Ilikuwa kitambaa. Nimelifikiria wiki nzima: ile Ijumaa ya ushindi kitambaa kilikuwa kwenye kamba, nimekifua! Basi nimeifumia kompyuta kingine chepesi, chenye matundu makubwa ya kupitisha hewa, maua ya kijani. Tangu hapo haijajifunga hata mara moja. Fundi Dotto ni mtu mzuri, ila na yeye hajui kila kitu.

Kwa kuwa imepona, leo tangu asubuhi nazirudisha kurasa zangu, moja baada ya moja, kwa orodha ya daftari. Gauni la marinda lilitangulia. Nimefika ya sabini na mbili. Nimeongeza na za cherehani za umeme, kumi na moja tu, za masomo.

Yahya amekaa mezani, anataka kutazama bei ya mpira wa pampu. Kudra amempakata kipanya wake na hataki kumtoa. Ananiita. Anasema dirisha limejifunga lenyewe, sasa linauliza kama lirejeshe kurasa. Nimemjibu kutoka huku, rejesha Baba Kudra, usiogope. Ananiita tena, kwa sauti ile ya upole inayotisha. Ngoja niende nikamwonyeshe pa kubonyeza, maana kurasa zote hizo nimeshazinunua kwa bando!