Ombi la Kufunga Darasa na Kubakiza Grupu

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ofisini, feni ikizunguka na miwani ikiwa karibu. Ni mimi, mwalimu wa Biolojia wa kidato cha pili, yule ambaye kwenye vikao huandikwa kuwa hayupo mpaka akohoe.

Nimepokea agizo lako kwamba ifikapo Ijumaa grupu la simu la darasa langu lifungwe, kwa kuwa elimu si mchezo wa vidole. Nimelisoma kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo nalipinga. Kama kuna kitu ambacho ni lazima kifungwe Ijumaa, naomba kiwe darasa. Sababu zangu ni hizi:

1. Darasani nikiuliza kama kuna swali, hushuka ukimya ambao hata inzi huuonea aibu. Karibu na dirisha huketi msichana ambaye wenzake wanamwita Kufuli. Tangu muhula uanze, neno nililolisikia kinywani mwake ni "nipo", wakati wa kuita majina. Jioni, kwa simu ya bibi yake, msichana huyo huyo aliniandikia: "Mwalimu, moyo unapumzika lini?" Kabla sijajibu, likafuata la pili: "Na nani anauambia uendelee?" Ilibidi nikafungue vitabu. Naujua ukimya wa Kufuli kwa ndani. Mtu hakosi la kusema. Anaisubiri sauti yake ije, na kengele inaiwahi. Ukifunga grupu, nitabaki na "nipo". Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa, Mwalimu Mkuu. Haya yanayofuata ni ya kukushawishi tu.

2. Somo la mzunguko wa damu tulilifanya kwenye grupu. Kila mwanafunzi alipewa sehemu ya mwili, na damu ikawa ujumbe unaopita simu hadi simu: "Mimi mapafu, nimepokea, naituma." Ilikwenda vizuri mpaka ilipofika chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, ikakwama. Simu ya chumba hicho ilikuwa imeondoka na mama mtu kwenda saluni. Mguu wa kushoto ukaandika, "Jamani, mwambieni mama atoke kwenye drai, huku tunakufa ganzi!" Miaka yote ninayochora ubaoni, sijawahi kuua mgonjwa kwa ufasaha namna ile.

3. Grupu linawarudisha wazazi shuleni. Kuna baba mmoja, fundi cherehani, aliyemnyang'anya mwanawe simu akaanza kujibu maswali mwenyewe. Anajibu haraka, kwa kujiamini, na hapati hata moja. Mwanawe analalamika hadharani: "Baba, niachie, mtihani ni wangu!" Naye anajibu, "Tulia wewe, nimeshaanza kuelewa." Sasa ndiye wa mwisho darasani. Nilimwambia aje shuleni na mzazi. Alikuja na mwanawe, na kijana alimsema baba yake kwa upole ambao sisi walimu hatuna.

4. Mwalimu wa nidhamu alikitangazia chumba cha walimu kizima kwamba "huyu binti anafundisha kwa kidole, na mshahara apewe wa kidole". Nilikuwepo, nilikuwa sijakohoa. Ningependa ajue kwamba kuna mvulana ambaye huzicheka adhabu zote anazompa. Mimi nilimtoa kwenye grupu kwa jioni moja. Shangazi yake alinipigia simu: "Mwalimu, mtoto hali, hasemi. Mrudishe mwanangu, hata awe anasoma tu bila kuandika."

5. Vikao vya walimu navyo vihamie huko. Hotuba yako ya kufungua muhula niliirekodi kwa kumbukumbu, kisha nikaisikiliza kwa kasi maradufu. Nina furaha kukujulisha kwamba ina hoja. Kwa kasi ya kawaida zilikuwa zimekaa mbali mbali mno, hazionani.

6. Baada ya hapo jengo halitakuwa na kazi. Madawati yarudi kwa seremala, angalau yakutane na misumari aliyoisahau. Kengele apewe mwalimu wa nidhamu aende nayo nyumbani, maana wanapendana. Ofisi yako hatutaigusa. Tutaipiga picha, ndiyo iwe picha ya grupu, na wewe utakuwa admini mwenye uwezo wa kumnyamazisha yeyote, jambo ambalo kwa njia ya sasa linakuchosha koo.

Nisalimie mama watoto, mhasibu, wapishi wote, na mlinzi wa getini ambaye hunifungulia kabla sijabisha. Mwambie mwalimu wa nidhamu kwamba kidole changu kimoja kinamsalimia.

Wako mtiifu, isipokuwa kwa hili,
Mwalimu wa Biolojia, Kidato cha Pili

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipoingia darasani asubuhi hii na kuuchora ubaoni moyo ule ule niliouweka kwenye grupu. Kufuli akasimama. "Mwalimu, hapo umekosea. Mshipa unaotoka kwenye mapafu unarudi na damu yenye oksijeni. Wewe umeandika haina." Sauti yake ilifika ukuta wa nyuma na kurudi. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwenye grupu. "Nilisema, Mwalimu. Mara tatu. Zikaja stika." Nimekwenda kutazama. Kweli ujumbe wake upo mara tatu, wa mwisho umebanwa kati ya paka anayecheza na pongezi za fundi cherehani, na mimi nilikuwa nimeupita nikienda kumshukuru fundi. Mchoro wangu wenye kosa ulipata dole gumba kutoka kwa karibu kila mtu, na kwa kuwa nilikuunganisha kwenye grupu bila kukuuliza, samahani, hata lako limo. Kwenye grupu nilimpita mara tatu. Darasani alisimama tu, akanitazama, mpaka nikafuta.

Kwa hiyo Ijumaa funga grupu. Darasa liache wazi. Na kama stoo kuna chaki nyekundu na za buluu, naomba pakiti moja kabla ya kipindi cha kesho. Si zangu. Amesema moyo atauchora yeye, na mimi nimeambiwa nikae kwenye kiti chake, karibu na dirisha.