Mfalme Kutwa na Mlango Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu katuita ofisini walimu wa Kiswahili. Tuko wawili tu: mimi na Miwani. Mzazi mmoja ameuliza kwa nini shule yetu inaitwa shule ya kutwa. Jumamosi, siku ya wazazi, kila mmoja wetu aeleze neno hilo limetoka wapi. Atakayeeleza vizuri atapewa ukuu wa idara, pamoja na chumba chenye mlango. Mlango! Meza yangu mimi iko njiani kuelekea chooni.
Tatizo dogo. Mama mkwe nilishamwambia mwezi uliopita kwamba cheo nimepata. Naye Jumamosi anakuja.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkuta Miwani maktaba, kazama kwenye kamusi. Maskini. Wazazi hawataki kamusi, wanataka kisa. Changu kimenijia chote kwa mkupuo: palikuwa na mfalme aliyeitwa Kutwa, akalikataza jua kuzama mpaka watu wake wamalize kulima. Watu wakachoka, jua likachoka, mfalme akaomba radhi. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewajaribia kidato cha kwanza. Wamekipenda sana. Mmoja akauliza ushahidi uko wapi. Watoto wa siku hizi. Nikasema nilisimuliwa na babu mzaa baba, aliyekuwa wa ukoo huohuo wa kifalme. Hilo la ukoo lilinitoka tu, lakini limenikaa vizuri.
Miwani kasikia. Kaja kunishauri kwa upole niachane na mfalme. Nikamwambia aache wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kauliza kama kweli cheo nimepata, maana mama yake ameshawatangazia majirani wote. Nikasema kimebaki kutangazwa rasmi. Akaniangalia vile anavyoliangalia bomba letu la jikoni linalovuja, kisha akaenda kulala.

Jumamosi, 8 Machi
Kaanza Miwani. Kasema jua likitwa maana yake limezama, ndiyo maana mchana mzima mpaka jua lizame huitwa kutwa, kama pakiti ya dawa inavyosema kutwa mara tatu. Na usiku mzima mpaka pakuche ni usiku kucha. Basi mtoto wa shule ya kutwa hushinda shuleni, akalala kwao. Akaketi. Mzazi aliyeuliza akasema ameridhika. Mtu anaridhika na kitu kikavu namna ile!
Nikasimama mimi. Mfalme, majembe, jua lililochoka. Ukumbi mzima nimeuteka. Nikafika kwa babu na ukoo wa kifalme. Mama mkwe akanyoosha mkono. Akasema, kwa adabu zote, kwamba yeye na marehemu babu yangu walikuwa majirani, mzee alikuwa akiuza mkaa, na hakuwahi kumtaja mfalme yeyote hata siku moja. Kisha, ili kunistiri, akawaambia waliokaa karibu naye wanisamehe, mkwewe amechoka na kazi za ukuu wa idara. Mwalimu mkuu akauliza ukuu huo nimeupata lini.
Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Cheo kapewa Miwani. Mama mkwe nimemwamkia shikamoo mara mbili pale getini, hakuitikia. Hilo limeniuma kuliko mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeagizwa niwaombe radhi kidato cha kwanza. Nimewaomba. Nimewaambia mfalme nilimtunga mwenyewe, na kwamba mtu asiyejua jambo aseme hajui. Nilimaanisha kila neno.
Kabla kengele haijalia, msichana mmoja akauliza adhuhuri nalo limetoka wapi. Sijui. Nikamwambia nitamjibu kesho.
Miwani kasikia. Jioni kaniwekea kamusi mezani, ukurasa wa adhuhuri kautia alama. Mtu muungwana. Nimeisogeza kando nipate nafasi ya kuandikia. Malkia Adhuhuri alikuwa mrefu, mwenye huruma, na kivuli chake kilikuwa kifupi kuliko vyote katika nchi. Ukoo wake nimeufikiria sana. Nimeamua ni upande wa mama mkwe.