Pijo Iliyozeeka Ndani ya Wiki Moja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Daktari amesema moyo wangu unafanya kazi kwa hisani tu. Ameshauri niweke mambo yangu sawa. Nimeanza leo. Shajara hii ni ya toba. Nitaandika dhambi siku ileile ninayoitenda, na ikiwezekana siku moja kabla, maana kumbukumbu nayo imechoka.

Kwanza niseme mimi ni nani. Abdulrahim, mwalimu mstaafu wa jiografia, umri miaka themanini na miwili. Nilikuwa makamu mkuu wa shule chini ya wakuu watano, wawili kati yao niliwafundisha mwenyewe. Makamu katibu wa msikiti. Mtoto wa pili kwa baba. Hata marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alichumbiwa kwanza na mtu mwingine. Maisha yangu yote nimeona migongo ya watu.

Sasa chama chetu cha magari ya zamani kinavuka mpaka wa Namanga wiki ijayo. Wenzetu wa Nairobi watatupokea kwa maua na wapiga picha. Desturi ya chama ni moja: gari kongwe hutangulia. Magari madogo kwa umri hulipigia honi mbili za shikamoo, nalo hujibu moja ya marahaba. Na hakuna gari dogo linaloruhusiwa kulipita kongwe bila kuomba ruhusa. Desturi nzuri sana. Niliipendekeza mwenyewe, wakati ambapo Pijo 404 yangu ya mwaka 1968 ilikuwa kongwe kuliko zote.

Kisha akaja Castory, mstaafu wa ofisi za bunge, na Landrova ya mwaka 1963! Tangu siku hiyo Pijo yangu inaiamkia ile Landrova kama mtoto wa shule.

Nataka kuvuka mpaka nikiwa mbele. Mara moja tu. Baada ya hapo moyo ufanye utakavyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda Majengo kwa bajaji. Nilimwambia binti yangu Salwa nafuata dawa. (Uongo. Naandika.) Nikaenda kwa Matonya, muuza vyuma chakavu. Nikamweleza nahitaji kibati cha chesisi, kile chenye namba na mwaka wa gari, cha Pijo ya zamani, zamani sana. Akafukua kwenye pipa, akatoa kimoja cha Pijo 403 ya mwaka 1959. Alisema gari lenyewe lilizama kwenye majaruba ya mpunga huko Bahi, likaja kuwa banda la kuku, na sasa hata kuku wamehama.

Matonya aliniuliza kibati bila gari ni cha nini. Akasema ni sawa na kutembea na kitambulisho cha marehemu. Nikamwambia afunge kwenye gazeti, asifunge kwa maswali.

Nimekibandika mwenyewe alasiri yote. Kung'oa cha zamani kumenitoa jasho ambalo daktari amelikataza. Kipya nimekipaka chai na vumbi, kionekane kimekaa pale tangu enzi za mkoloni. Kazi safi! Pijo yangu imeongezeka miaka tisa bila hata kuwashwa.

Salwa aliuliza kwa nini nanuka chai ilhali kikombe kimejaa. Huyu mtoto ni mkaguzi wa hesabu wizarani. Nilikosea kumsomesha.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha chama nyumbani kwa Castory, Nzuguni. Barabara zote zimejaa watu wa Nanenane. Trekta zinapita na mapambo kama maharusi.

Nilisimama nikatangaza kwamba katika kusafisha injini nimekuta kibati halisi chini ya grisi ya miaka mingi, na kwamba historia inabidi irekebishwe. Wote wakainama juu ya injini yangu. Anyitike, mwenye ile Voksiwageni ya kijani tunayoiita Kobe, akapiga mluzi. Akasema, "Kumbe mzee ni mzee kweli!" Castory akavaa miwani. Akakitazama kibati muda mrefu. Kisha akanitazama mimi muda mrefu zaidi. Akauliza kama siku hizi napata usingizi.

Nikasema usingizi ninao, ninachotaka ni haki.

Akavua miwani. Akasema kwa desturi ya chama, Mwalimu atatangulia. Basi! Hakubisha hata kidogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, pamoja na ramani. Ushindi wa namna hii hauna ladha, lakini nimeumeza.

Tukafanya majaribio barabarani. Landrova ikapiga honi mbili. Pijo ikajibu moja. Nikajifanya sikusikia, ikabidi Castory aamkie tena. Na tena. Mara ya nne Salwa alishika usukani akaondoka bila kuniuliza. Yeye ndiye dereva wangu, kwa kuwa miguu yangu haikubaliani na klachi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeondoka Dodoma. Magari saba, mimi mbele! Mbele yangu hakuna kitu ila lami na mbuzi. Sikujua barabara ya Kondoa inapendeza hivi. Nimeipita mara nyingi, lakini siku zote kulikuwa na kitu kimekaa katikati.

Nimeamuru mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Mzee hakimbii. Salwa alisema kwa mwendo huu tutakuta mpaka umehamishwa. Bodaboda yenye mbuzi wawili ilitupita, na mbuzi mmoja aligeuka kututazama.

Kabla ya Kondoa, Anyitike alimpigia simu Salwa, akisema Kobe yake ina homa na inaomba ikimbie kidogo ipate upepo. Nikajibu kwamba homa hutulizwa kwa subira. Baadaye Castory naye aliomba ruhusa apite, akatafute choo kabla hatujafika mjini. Ombi hilo nililifikiria kwa kina. Nilipopata jibu alikuwa ameshamaliza shida yake kichakani na kurudi kwenye foleni. Hakulalamika. Alipiga honi mbili tu.

Tumelala Babati. Salwa amenikanda miguu. Akasema hajaniona nikitabasamu hivi tangu Mama yake alipokuwa hai. Nikasema ni hewa ya milima. (Uongo mdogo. Naandika kwa ukamilifu.)

Jumapili, 10 Agosti

Namanga. Siku ya fedheha. Nitaiandika taratibu.

Tulifika mchana, mimi mbele, shingo imenyooka. Afisa wa forodha alikuwa mama mmoja mkarimu, jina lake Evodia, akaniamkia vizuri. Akachukua kadi ya gari. Akaomba kufungua boneti. Akasoma kibati. Akasoma kadi. Akasoma kibati tena, akiwa amekunja uso.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kadi nayo huwa na namba.

Wiki nzima nimeshughulika na macho ya Castory. Serikali nilikuwa nimeisahau kabisa!

Evodia akatuita pembeni, mimi na Salwa. Akasema kwa upole kwamba gari lenye namba za gari jingine kwa kawaida huwa ni la wizi, na mwenye gari la wizi kwa kawaida huwa si mzee wa kanzu na bakora. Hivyo anaomba maelezo. Nikaanza kumweleza kuhusu grisi. Salwa akanikatiza. Akasema, "Baba, eleza vizuri, au nieleze mimi." Nikaeleza. Salwa akainua kiti cha nyuma, akamwonyesha namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe. Ikalingana na kadi.

Evodia akaandika, akasema, "Mzee wangu, gari ni lako. Umri ndio si wake." Pijo haitavuka. Itabaki hapo chini ya ulinzi mpaka turudi, na kile kibati cha Bahi anabaki nacho yeye.

Nje, mambo yalikuwa yameharibika. Magari sita ya chama yalikuwa yamejipanga nyuma ya Pijo, yamezimwa. Hakuna aliyethubutu kupita. Desturi ni desturi! Nyuma yao malori ya vitunguu, na nyuma ya malori mabasi. Dereva mmoja wa lori aliuliza kwa sauti kama huu ni msafara au ni msiba. Anyitike akamjibu aangalie adabu, mbele kuna mkubwa. Dereva akasema mkubwa wenu anaoza na vitunguu vyangu vinaoza.

Nikarudi kukaa ndani ya Pijo. Castory akaja dirishani. "Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba ruhusa tupite."

Neno moja tu lilitakiwa. Ruhusa. Ningelisema, wangepita wote, na mimi ningebaki nikitazama migongo. Makamu tena, hata mpakani. Nikasema natafakari. Honi zikaongezeka. Salwa akaniinamia sikioni akasema nisiposema ruhusa, yeye atasema kibati.

Nikafikiri haraka, jambo ambalo daktari amelikataza pia. Kisha nikafungua mlango. Nikatangaza kwamba Pijo imekuwa na hitilafu ya kiofisi, lakini desturi inahusu ukongwe, na aliye kongwe kuliko magari yote saba ni mimi. Paspoti yangu haina kasoro. Nitatangulia kwa miguu.

Nilitarajia mzozo. Castory akasema tu, "Haya, akina sisi tunafuata."

Evodia alikubali, nadhani kwa ajili ya vitunguu. Nikatembea. Bakora mkono huu, Salwa mkono ule. Nyuma yangu Landrova, Kobe na wengine, kwa mwendo wa mguu wangu wa kushoto, ambao ndio mbovu. Kila hatua, honi mbili. Nikawa najibu marahaba kwa mdomo mpaka pumzi ikaisha, kisha kwa kuinua bakora. Nilipumzika kwenye kigoda cha mama muuza mahindi. Msafara wote ukapumzika. Wabeba mizigo wakasimama kutazama. Watalii wakapiga picha. Yule dereva wa vitunguu alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nikapita geti. Mbele yangu hakukuwa na mtu!

Upande wa pili walinitia maua shingoni, kisha wakaniketisha kwenye Landrova. Viti vyake ni vizuri kuliko vyangu. Sikumwambia Castory.

Jumatatu, 11 Agosti

Nairobi. Baridi. Chama cha wenyeji kimetuandalia chakula cha mchana, biriani na maneno mengi.

Kabla ya kukaa, Castory alinivuta kando. Akasema, "Mwalimu, usije ukaumia moyo kuhusu kile kibati. Pijo 404 ilianza kutengenezwa mwaka sitini. Mwaka hamsini na tisa haikuwapo duniani. Sote tulijua, tangu Nzuguni. Hata Anyitike." Nikamuuliza kwa nini basi walinyamaza. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Tuliona mzee anataka kutangulia. Tukasema, atangulie. Ingegharimu nini?"

Nilikohoa, nikamwomba maji, akaniletea mwenyewe kwa mikono miwili. Kwa muda nilihisi kitu kifuani, na hakikuwa ugonjwa. Ilinijia kwamba pengine siku zote watu walikuwa tayari kunipisha, na mimi sikuwahi kuomba. Nilitaka kumwambia hivyo.

Lakini tukaitwa mezani.

Wenzetu wa Nairobi hawajali umri wa magari. Wanajali umri wa watu. Kiti cha kichwa cha meza ni cha mzee kuliko wote, ndiye anayepakuliwa kwanza na ndiye anayeomba dua. Nikarekebisha kanzu, nikaelekea kule. Kiti kilikuwa kimeshakaliwa! Mzee Imrani, fundi saa mstaafu, umri miaka themanini na sita. Meno yote yapo. Akaniitikia kwa kichwa, kama mtu anayejibu salamu ya kijana. Nami nikawekwa kiti cha mkono wake wa kulia.

Cha pili.

Mhudumu akauliza mimi ni nani. Mzee Imrani akacheka, akasema, "Huyu ndiye makamu wangu."

Alhamisi, 14 Agosti

Tumerudi Dodoma jana. Pijo imerudishiwa kibati chake na umri wake. Njia nzima niliiacha nyuma ya Landrova, nikapiga honi mbili bila kulazimishwa. Salwa alisema amefurahi kuona nimetulia, na kwamba safari imenifundisha. Nikasema ni kweli, binti yangu, imenifundisha.

Daktari amenipima asubuhi. Anashangaa. Anasema moyo umepata nguvu, niendelee na kile ninachokifanya.

Wenzetu wa Nairobi watakuja Dodoma mwakani, na Mzee Imrani amesema hatakosa. Kwa hiyo nimekaa na paspoti yangu mezani, naitazama. Inasema nilizaliwa 1943. Inasema kwa kujiamini sana kwa kitu kilichoandikwa na karani ambaye hakuwapo. Cheti cha kuzaliwa sikuwahi kuwa nacho. Baba yangu alichosema ni kimoja tu: kwamba nilizaliwa mwaka wa njaa.

Na miaka ya njaa Dodoma hii ni mingi! Mtu anachagua tu.

Kesho nakwenda mahakamani kuulizia hati ya kiapo. Salwa nitamwambia nafuata dawa.