Ngamia Kwenye Msaragambo

Jumanne, 2 Septemba

Baragumu limelia Gonja nzima. Jumamosi ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: tunazibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kabla ya vuli. Kila nyumba itoe mtu wa kubeba mawe. Mawe! Mimi, msomi! Mwenyekiti wa ndiva ni Mzee Mbaraka, baba yake Sumaiya. Posa yangu hajaijibu. Swalehe naye kapeleka yake. Swalehe ana punda wanne na akili ya mmoja.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata! Nimesoma kwenye simu kwamba mwaka 1856 jeshi la Marekani lilipeleka ngamia Texas wabebe mizigo. Walibeba mizigo iliyowashinda farasi! Habari ilikuwa ndefu, nikaishia katikati. La maana nimeshalishika. Loth wa kule bondeni ana ngamia wa kupiga picha na watalii. Amekubali kumleta, ila anasema mlimani hajawahi kumpandisha. Mwoga.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimelala mpaka jua kali. Mwenye ngamia ana haraka gani? Nikaenda taratibu kupokea pongezi.

Nimemkuta Loth analia. Punda wa Swalehe walipomwona ngamia walimwaga mawe, wakatimkia shamba la tangawizi la Mzee Mbaraka. Wamelilaza lote. Ngamia yeye kasimama ndani ya ndiva, anakunywa maji ya kijiji bila wasiwasi.

Nikatoa shikamoo. Badala ya marahaba, Mzee akauliza nyumba yangu imemtoa nani. Nikamwonyesha ngamia. Akasema vizuri, basi ngamia amehudhuria, mimi ni mtoro, na faini ya mtoro ni mbuzi. Kisha akauliza kama na siku ya harusi ningemtuma ngamia. Watu wakaangua kicheko. Sumaiya kawazidi wote. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 7 Septemba

Posa imerudishwa. Ya Swalehe imepokelewa. Wamarekani hawa! Leo nimemalizia ile habari: ngamia waliwatisha farasi, askari wakawachukia, wengine wakauzwa, wengine wakaishia porini. Si wangeandika mwanzoni?

Ila chini yake kuna nyingine, tamu zaidi. Mwaka 1910 mbunge wao alitaka walete viboko Louisiana ili wale magugu ya majini. Nimeacha hapo, inatosha. Ndiva yetu imejaa magugu, na harusi bado haijafungwa. Nimempigia Loth kuuliza kiboko mdogo hupatikana wapi. Amekata simu. Mtandao wa huku milimani, bure kabisa.